Jinsi ya kutengeneza chati ya miaka ya kanisa la kwanza, kutoka Pilato hadi kuteketea kwa hekalu

Kitabu cha Matendo ya Mitume hakitaji mwaka hata mmoja. Luka anataja wafalme, maliwali, sikukuu, majira ya bahari na "siku nyingi", basi. Miaka inayochapwa pembeni mwa Biblia za kujifunzia imepatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo anaweza kuirudia mtu yeyote mwenye Biblia, rula na mchana mmoja wa utulivu. Mwalimu wa Shule ya Jumapili au kiongozi wa kikundi cha Biblia akiifanya mwenyewe, atajua mwaka upi umesimama imara na upi umewekwa kwa kukisia. Akinakili tu kutoka kitabuni, yote huonekana sawa.

Wengi huanzia Pentekoste kwa kuwa ndiko hadithi inakoanzia, kumbe mwaka wa Pentekoste ni miongoni mwa ile inayobishaniwa zaidi. Ukiuweka wa kwanza, kosa lake linabebwa na kila tukio linalofuata. Anzia Korintho, karibu miaka 20 baadaye, kisha urudi nyuma, halafu uende mbele.

Vifaa na vipimo

Tafuta karatasi mbili za manila, uziunganishe kwa selotepu upande mfupi kwa mfupi. Chati itabeba miaka 45, kuanzia 26 hadi 70 BK. Kila mwaka upe sentimita 2, jumla sentimita 90, na pembeni ubaki na nafasi ya kuandikia. Sentimita moja inakuwa nusu mwaka, na hiyo ndiyo sababu ya kuchagua kipimo hiki: maliwali wengi wa Kirumi walianza kazi katikati ya mwaka, na safari za bahari zilifuata majira. Chati ya sentimita moja kwa mwaka haionyeshi hayo.

Namba ya mwaka iandike kwenye mstari wa Januari, si katikati ya nafasi. Yaani nafasi iliyo kati ya 51 na 52 ndiyo mwaka 51 wote. Ukiandika katikati, vipindi vyote vitasogea miezi sita, na hutagundua mpaka ufike kwa Galio, liwali aliyemsikiliza Paulo Korintho.

Andaa rangi tatu. Wino mweusi ni wa tarehe zinazothibitishwa na ushahidi wa nje ya Biblia. Bluu ni ya tarehe ulizozipata kwa kuhesabu kutoka kwenye nyeusi. Penseli ni ya makisio. Tukio lisihame kutoka penseli kwenda wino kwa sababu tu umelikuta katika vitabu viwili, maana mara nyingi kimoja kimenakili kingine.

Watawala kwanza, mitume baadaye

Chora mistari mitatu mlalo, mmoja chini ya mwingine, iachane kwa sentimita 6 au zaidi. Wa juu ni wa makaisari, wa kati ni wa watawala wa Yudea, wa chini ni wa kanisa. Huo wa chini uache mtupu kwa sasa.

Juu andika: Tiberio hadi Machi 37, Gayo, anayejulikana kama Caligula, hadi Januari 41, Klaudio hadi Oktoba 54, Nero hadi Juni 68, kisha vurugu za wagombea kiti hadi Vespasiano anaposhika mwaka 69. Yote hayo ni wino mweusi.

Katikati andika Pontio Pilato 26 hadi 36. Mwaka 41 Klaudio alimpa Herode Agripa ufalme wa Yudea, naye akafa Kaisaria mwaka 44. Baada yake walirudi maliwali: Fado kuanzia 44, Tiberio Aleksanda hadi 48, Kumano hadi 52, kisha Feliki, Festo na Albino. Mpaka kati ya Feliki na Festo uchore kwa nukta, tutaurudia. Festo alifia kazini mwaka 62, na huo ni mweusi.

Hapa ndipo Waherode huchanganywa. Herode Mkuu wa habari za kuzaliwa kwa Yesu alikufa mwaka 4 KK, hayumo kabisa kwenye chati hii. Herode Antipa, aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji, alipelekwa uhamishoni mwaka 39. Herode wa Matendo 12, aliyemwua Yakobo kwa upanga na kumfunga Petro, ni Agripa wa kwanza. Yule Agripa wa Matendo 25 na 26 ni mwanawe. Andika majina kamili. Neno "Herode" peke yake lisionekane kwenye chati.

Kigingi cha Galio

Matendo 18:12 inasema Wayahudi wa Korintho walimleta Paulo mbele ya kiti cha hukumu Galio alipokuwa liwali wa Akaya. Galio huyu anajulikana nje ya Biblia: ni kaka yake mwanafalsafa Seneca. Kilichotupatia mwaka wake ni jiwe. Huko Delfi, Ugiriki, vilipatikana vipande vya maandishi, vya kwanza vikachapishwa mwaka 1905, na hatimaye vikaunganishwa vipande tisa vya barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio kama rafiki yake na liwali.

Fuata hoja hii polepole, kwa sababu chati nzima inaning'inia hapa. Barua inasema Klaudio alikuwa ameshangiliwa na majeshi kuwa mshindi mara ya 26. Hesabu ya shangwe hizo ilihifadhiwa katika maandishi mengine ya serikali. Mara ya 27 tayari imeandikwa kwenye lango la mfereji wa maji wa Klaudio mjini Roma, mfereji uliozinduliwa tarehe 1 Agosti 52. Kwa hiyo barua ya Delfi iliandikwa kabla ya hapo, na shangwe zilizotangulia zinaiweka katika miezi ya kwanza ya mwaka 52 au karibu sana na hapo.

Liwali wa Akaya alikaa mwaka mmoja, akianza kiangazi, kwa kawaida kama Julai. Je, Galio alianza Julai 52? Ingebidi afike, achunguze hali ya Delfi, aandike ripoti Roma, na Kaisari ajibu, yote ndani ya mwezi mmoja. Haiwezekani. Basi alianza kiangazi cha 51. Seneca anasimulia kwamba kaka yake alishikwa na homa akiwa Akaya akapanda meli haraka, kwa hiyo huenda hata mwaka wake hakuumaliza.

Kwenye mstari wa chini chora kisanduku cheusi kuanzia katikati ya 51 hadi katikati ya 52. Ndani yake andika "Paulo mbele ya Galio". Kwa upana wa karatasi ni sentimita 2 tu, na hakuna tukio jingine la maisha ya Paulo lililobanwa hivyo.

Sasa soma Matendo 18:11: Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita. Wayahudi kumshitaki mbele ya liwali kunaeleweka zaidi kama walikuwa wakimjaribu liwali mgeni, kwa hiyo kesi iweke kwenye nusu ya kwanza ya kisanduku. Rudi nyuma sentimita 3. Paulo anaingia Korintho mwanzoni mwa mwaka 50, labda majira ya baridi ya 49 kuingia 50. Hiyo ni bluu.

Kuna njia ya kuihakiki. Paulo alipofika aliwakuta Akila na Prisila, waliokuwa wametoka Italia siku zile kwa sababu Klaudio aliwaamuru Wayahudi waondoke Roma. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anaitaja amri hiyo bila mwaka. Orosius, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5, anasema ilikuwa mwaka wa tisa wa Klaudio, yaani 49. Inalingana vizuri na hesabu yetu, lakini iandike kwa penseli. Orosius alikuwa mbali na tukio kwa zaidi ya miaka 350, na anadai kuipata kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi, ilhali katika maandishi ya Yosefo tuliyonayo haimo. Wako wanaofanya kinyume, wakaanzia na mwaka 49 na kumpima Galio kwa huo. Huko ni kupima jiwe kwa uzi.

Kurudi nyuma: baraza la Yerusalemu na uongofu wa Paulo

Kabla ya Korintho kuna safari ndefu: Antiokia, Derbe, Listra, Frigia na Galatia, Troa, Filipi, Thesalonike, Beroya, Athene. Mtu wa miguu alitembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Kutoka Antiokia hadi Troa kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000, yaani wiki saba za kutembea tupu ukiacha Sabato. Filipi hadi Thesalonike ni kama kilomita 150, siku tano au sita, na Matendo 17:1 inataja miji miwili ya njiani, Amfipoli na Apolonia. Ongeza muda wa kufundisha, kufungwa gerezani, kufukuzwa, na baridi inayofunga njia za milimani. Bila mwaka mmoja hivi haitoshi. Baraza la Matendo 15 basi linaangukia 48, au mwanzoni kabisa mwa 49. Tumia mwisho wa 48 kama mahali pa kuhesabia.

Kabla ya kuhesabu zaidi, jifunze namna waandishi wale walivyohesabu. Sehemu ya mwaka ilihesabiwa kuwa mwaka, kama vile Ijumaa jioni hadi Jumapili alfajiri ilivyohesabiwa kuwa siku tatu. Mfano unaotosha uko Efeso: Matendo 19 inatoa miezi mitatu katika sinagogi na miaka miwili katika darasa la Tirano, lakini katika 20:31 Paulo anawaambia wazee wa Efeso "miaka mitatu". Hakudanganya. Miaka miwili na kitu ni mitatu kwa hesabu yao. Kwa hiyo kila unapokuta "miaka mitatu" weka miwili hadi mitatu, na "miaka kumi na minne" weka kumi na mitatu hadi kumi na minne.

Fungua Wagalatia 1:18 na 2:1. Paulo anasema alipanda Yerusalemu baada ya miaka mitatu, akakaa kwa Petro siku 15. Kisha baada ya miaka 14 akapanda tena pamoja na Barnaba. Wengi wanaiona safari hiyo ya pili kuwa ndiyo ya Matendo 15. Hesabu zinazowezekana ni hizi:

Miaka kamili, 14 ikifuata baada ya 3: 48 toa 17, uongofu mwaka 31.
Miaka isiyo kamili, 14 ikifuata baada ya 3: 48 toa 15, uongofu mwaka 33.
Zote mbili zikihesabiwa tangu uongofu: 48 toa 14 au 13, uongofu mwaka 34 au 35.

Chora kisanduku cha bluu kutoka 31 hadi 35. Usikifupishe kwa kupenda mwaka mmoja. Wako pia wanaosema safari ya Wagalatia 2 ni ile ya kupeleka msaada wa njaa katika Matendo 11. Ukiwafuata, kisanduku chote kinarudi nyuma mwaka mmoja au miwili, na nafasi ya matukio ya kwanza Yerusalemu inakuwa finyu.

Hakiki kwa Areta. Katika 2 Wakorintho 11:32 Paulo anasema alishushwa kwa kapu ukutani Dameski, mkuu wa mfalme Areta akiulinda mji. Areta wa nne, mfalme wa Wanabatea, alikufa mwaka 40 au muda mfupi kabla. Kutoroka kulitokea kabla tu ya safari ya kwanza ya Yerusalemu, yaani miaka miwili hadi mitatu baada ya uongofu. Ongeza hiyo kwenye kisanduku chako: 33 hadi 38. Inapita. Wengine wanashikilia kwamba Areta hakuwa na mamlaka Dameski kabla ya Gayo kushika ukaisari mwaka 37. Wakiwa sahihi, ni ile hesabu ya tatu tu inayobaki. Lakini huenda mkuu yule alikuwa kiongozi wa Wanabatea waliokaa mjini, si mtawala wa mji, kwa hiyo hoja hiyo haitoshi kufuta mengine.

Hapa utaona jambo ambalo msomaji wa Matendo peke yake halioni. Matendo 9:23 inasema tu "siku nyingi zilipopita" kati ya kuongoka na kutoroka Dameski. Wagalatia inaonyesha kwamba ndani ya siku hizo kuna safari ya Arabuni, kurudi Dameski, na karibu miaka mitatu. Ukikuta katika Matendo "siku nyingi", "majira yale yale" au "baada ya hayo", usipime kwa sentimita. Barua za Paulo zikitoa muda, fuata barua. Matendo ijaze mapengo.

Pentekoste, sasa

Pilato anatoa mipaka: 26 hadi 36. Injili zote zinakubaliana kwamba Yesu alisulubiwa siku ya Ijumaa wakati wa Pasaka, na Pasaka hufuata mwezi mpevu. Ukihesabu mwandamo wa mwezi kwa miaka hiyo kumi, zinabaki tarehe mbili zenye nguvu: 7 Aprili 30 na 3 Aprili 33, kwa kalenda ya Juliasi. Luka 3:1 inaweka kuanza kwa huduma ya Yohana Mbatizaji mwaka wa 15 wa Tiberio. Ukianza kuhesabu Agosti ya mwaka 14, Kaisari Augusto alipofariki, unapata 28 hadi 29. Kwa wanaoona huduma ya Yesu ilikuwa fupi, 30 inatosha. Wanaohesabu Pasaka tatu au zaidi za Injili ya Yohana wanasogea kwenye 33.

Weka alama mbili za penseli. Kwa mwaka 30 Pentekoste ni 28 Mei. Kwa 33 ni 24 Mei. Sasa zishushe kwenye kisanduku cha uongofu. Kwa mwaka 30 hesabu zote tatu zinaingia, na kuna nafasi ya kutosha kwa Matendo 2 hadi 8: kukua kwa kanisa Yerusalemu, kuchaguliwa kwa wale saba, kuuawa kwa Stefano, kutawanyika. Kwa mwaka 33 ya kwanza inaanguka, ya pili inabana sura saba ndani ya miezi michache, ya tatu inakaa vizuri. Sisi tungeweka 30 kwa penseli nzito na 33 kwa nyepesi. Kuifuta 33 hairuhusiwi.

Na ile saa ya Petro aliposimama kusema hawa hawakulewa: "saa tatu ya mchana", Matendo 2:15. Kiswahili na Wayahudi wa wakati ule wanahesabu saa tangu mapambazuko, kwa hiyo iache ilivyo. Wanaotafsiri masomo kutoka Kiingereza huandika "saa tisa", na ghafla Pentekoste inahamia alasiri.

Antiokia, njaa na Agripa

Matendo 11 inasimulia njaa iliyotabiriwa na Agabo na msaada uliopelekwa Yerusalemu. Matendo 12 inasimulia kifo cha Herode Agripa. Ukizipanga kwa mfuatano wa sura utakosea. Agripa alikufa 44. Njaa ya Yudea, kwa Yosefo, ilikuwa wakati wa Fado na Tiberio Aleksanda, yaani kati ya 44 na 48, Malkia Helena wa Adiabene alipoagiza nafaka Misri na tini Kipro ili kuwalisha watu wa Yerusalemu. Luka anamaliza kwanza habari za Antiokia, kisha anarudi nyuma kueleza yaliyotokea Yerusalemu, akianza na "panapo majira yale yale". Mwisho wa sura ya 12 ndipo Barnaba na Sauli wanarejea kutoka kupeleka msaada.

Weka kifo cha Yakobo mwana wa Zebedayo kwa bluu kati ya 41 na 44, safari ya msaada kwa bluu kati ya 45 na 47, na ule mwaka mzima ambao Barnaba na Sauli walifundisha Antiokia, wanafunzi wakaitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, uutangulize kidogo kabla ya safari hiyo. Safari ya kwanza ya Kipro na Pisidia inaingia kati ya hapo na baraza. Angalia tu kwamba Antiokia ya Shamu na Antiokia ya Pisidia ni miji miwili tofauti, na kati yake ni mwendo wa wiki kadhaa.

Kwenda mbele: Efeso, Kaisaria, Roma

Paulo aliondoka Korintho baada ya kesi na "siku nyingi" nyingine. Bahari ya Mediterania ilifungwa kwa meli nyingi kuanzia kama katikati ya Novemba hadi Machi, na tangu katikati ya Septemba ilihesabiwa kuwa ya hatari. Kwa hiyo aliondoka ama vuli ya 51 mapema au masika ya 52. Chukua masika ya 52. Akapita Efeso, Kaisaria, Yerusalemu, Antiokia, kisha kwa miguu kupitia Galatia na Frigia hadi Efeso tena, zaidi ya kilomita 1,000. Kufika kwake Efeso ni mwisho wa 52 au mwaka 53. Ongeza miaka miwili na miezi kadhaa: 55. Kutoka huko ndiko alikoandika Wakorintho wa Kwanza, akisema atakaa Efeso hata Pentekoste (16:8). Makedonia inafuata, halafu miezi mitatu Ugiriki, kisha Pasaka Filipi.

Pasaka hiyo ni ya mwaka gani? Kwa hesabu ya kwenda mbele, 56 au 57. Subiri hadi uhesabu kutoka upande wa pili. Paulo alikamatwa Yerusalemu, akakaa kifungoni Kaisaria miaka miwili mpaka Feliki alipompisha Festo. Mwaka wa Festo haukuandikwa waziwazi, lakini sarafu mpya za shaba zilipigwa Yudea mwaka wa tano wa Nero, 58 kuingia 59, na liwali mpya ni sababu nzuri ya kupiga sarafu mpya. Weka 59 kwa bluu, 60 kwa penseli. Toa miaka miwili: 57. Pande zote mbili zinakutana hapo. Ukitaka kuwa mkali, andika "57, huenda 56".

Luka mwenyewe ametuachia jaribio zuri la kupima safari hiyo. Katika Matendo 20 walitoka Filipi baada ya siku za Mikate Isiyotiwa Chachu, na Paulo alitaka kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste. Siku 50 zinahesabiwa tangu 16 Nisani, mwezi wa Kiyahudi wa Pasaka. Mikate inaisha 21 Nisani, kwa hiyo siku 6 zimekwisha. Filipi hadi Troa siku 5: jumla 11. Kukaa Troa siku 7: 18. Aso, Mitilene, Kio, Samo hadi Mileto siku 4: 22. Mpaka hapa ni maneno ya Luka. Kuwaita wazee kutoka Efeso na kuwasubiri, kadiria siku 4: 26. Hadi Patara siku 3: 29. Kuvuka bahari hadi Tiro, kadiria 5: 34. Tiro siku 7, zimetajwa: 41. Tolemai na kufika Kaisaria, 3: 44. Zinabaki siku 6 za kukaa kwa Filipo na kupanda kilomita zaidi ya 100. Inatosha, kwa shida. Ndiyo maana hakuingia Efeso mwenyewe. Luka hasemi kama walifika kabla ya sikukuu. Usiandike kwamba walifika.

Linganisha pia Troa hadi pwani ya Makedonia katika Matendo 16:11: siku mbili. Kurudi, siku tano. Mtu wa pwani anayejua kusi na kaskazi hatashangaa, lakini anayetengeneza chati kwa kupima ramani kwa rula atashangaa. Kwa safari za bahari tumia siku za Luka, kilomita zitumie barabarani tu.

Safari ya Roma ilianza wakati mbaya. Matendo 27:9 inasema siku ya kufunga, yaani Siku ya Upatanisho, ilikuwa imepita. Mwaka 59 iliangukia mwanzoni mwa Oktoba, jambo linaloelezea vizuri dhoruba ile. Usiku wa 14 wa kupeperushwa, Malta, miezi mitatu kisiwani, kisha Roma masika ya 60. Miaka miwili ya Matendo 28:30 inafika 62, na hapo kitabu kinakoma.

Sehemu ya mwisho ya karatasi

Mwaka 62 una tukio la wino mweusi ambalo halimo kwenye Matendo. Yosefo anaandika kwamba Festo alipokufa, kabla Albino hajafika, kuhani mkuu Anano aliitisha baraza na kumhukumu Yakobo, ndugu yake Yesu aitwaye Kristo, apigwe mawe. Anano aliondolewa baada ya miezi mitatu tu madarakani. Huyu Yakobo si yule wa Matendo 12. Ukiona chati inayosema "Yakobo aliuawa mwaka 44" halafu inamweka Yakobo kwenye baraza la 48, mtengenezaji hakuwatenganisha.

Julai 64 moto uliteketeza Roma, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anaeleza jinsi Nero alivyowabebesha Wakristo lawama. Vita ya Wayahudi ikaanza 66, hekalu likateketezwa na majeshi ya Tito Agosti 70. Yote meusi. Vifo vya Petro na Paulo viweke kwa penseli kama kisanduku kirefu, 64 hadi 68. Barua ya kanisa la Roma kwa Korintho ya mwisho wa karne ya kwanza inawakumbuka wote wawili pamoja bila kutaja mwaka, na tarehe kamili zinazoonekana kwenye kalenda za sikukuu ni za kumbukumbu, si za hesabu.

Nyaraka ziandike chini kabisa, kila moja kwa mshale kwenda kwenye kisanduku cha mahali ilipoandikwa: Wathesalonike wa Kwanza inatoka Korintho, mwaka 50 au 51; Wakorintho wa Kwanza kutoka Efeso, 54 au 55; Warumi kutoka Korintho kwenye ile miezi mitatu ya baridi kabla ya safari ya mwisho, maana 15:25 inasema anakwenda Yerusalemu sasa hivi na 16:1 inamtaja Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho. Wagalatia ipe mshale wenye nukta unaotanda kutoka 48 hadi 55.

Jambo la mwisho la kiufundi: hotuba ya Gamalieli katika Matendo 5:36 inamtaja Theuda kama mtu aliyekwisha kupita, ilhali Yosefo anamweka Theuda wakati wa Fado, baada ya 44. Wapo wanaosema walikuwa Theuda wawili, wapo wanaosema mmoja wa waandishi alikosea. Kwa kazi hii haijalishi. Usimtumie Theuda kufunga tukio lolote la chati. Kama lazima umwandike, mwandike pembeni, kwa penseli.